Matokeo ya Mwiche

Mwalimu Kapembwa alikuwa jirani yangu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, mtu mpole kupita kiasi, na wapole wa namna hiyo hunitia hasira. Mimi ni Clotilde, muuza vitenge, nimetokea ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Yeye alifundisha darasa la saba. Mwishoni mwa miaka ya tisini, ofisi ya elimu ya wilaya ilipima shule kwa jambo moja tu: asilimia ya watoto waliochaguliwa kwenda darasa la nane. Asilimia hizo zilibandikwa ukutani, shule nzuri juu, mbovu chini. Shule ya Kapembwa ilizoea kukaa chini kabisa.

Watoto wake hawakuwa wajinga. Wakati wa mtihani wengi walikuwa kambini na wazazi wao, maana samaki hawangoji kalenda ya shule. Na asiyefika kwenye mtihani alihesabiwa sawa na aliyefeli. Ofisi haikuwa na mahali pengine pa kumwandika. Kwa hiyo kila mwaka Kapembwa alipanda baiskeli akazunguka kambi za wavuvi kuwakusanya, kama mtu atafutaye mbuzi wake.

Mwaka huo alimfuata Mwiche kwenye kambi ya Mununga, binti mwenye akili kuliko wenzake wote. Mama yake, Mable, alisita, maana ziwa lilikuwa limechafuka.

"Ba Mwalimu, mutoto wangu ni huyu mumoja tu."

"Usiogope, Bana Mwiche," akamjibu, akimwita mama wa Mwiche kwa heshima ya huko. "Nitakurudishia mutoto na majibu yake."

Ahadi ni deni. Baiskeli ilikuwa mbovu, haikuweza kubeba wawili, basi akampandisha Mwiche kwenye mtumbwi wa wachuuzi wa samaki, yeye akafuata kwa barabara. Mtumbwi ulipinduka. Wachuuzi waliokolewa. Mwiche hakuonekana tena, wala mwili wake.

Asubuhi ya mtihani, karatasi yenye jina lake iliwekwa kwenye dawati lake kama kawaida, kwa kuwa jina likishafika ofisini halifutwi. Kapembwa aliniambia jioni ya siku ile kwamba aliona mchanga umelowa chini ya dawati lile, na mvua haikuwa imenyesha. Alisikia penseli ikikwaruza mahali pasipo na mtu. Msimamizi alipotoka nje kuvuta sigara, Kapembwa aliketi pale akajibu maswali yote. Hakuweza kuvumilia mtoto aliyekufa akiuwahi mtihani aandikwe amefeli.

Matokeo yakatoka. Mwiche amechaguliwa, tena kwa alama za juu kuliko wote. Shule ikapanda kwenye ule ukuta wa ofisi, na mwalimu mkuu, aliyejua fika kwamba binti alizama, akafumba mdomo akanunua soda za kusherehekea. Kufa kufaana. Nilimchukia mwalimu mkuu huyo siku ile, na bado namchukia.

Kisha Mable akaja kwenye meza yangu sokoni. Kitambaa cha matanga alikuwa amekivua. Alitaka kitambaa cha buluu, cha gauni la shule.

"Clotilde, mufu hafanyake mutihani," aliniambia. "Mwiche eko muzima. Eko kwenu Kongo, batu balimuokota."

Nilimkatia kitambaa. Kuanzia hapo hakurudi Mununga; kila jioni alisimama ufukweni na lile gauni lililopigwa pasi, akiwauliza wachuuzi waliovuka kama wamemwona binti yake. Watu walianza kumkwepa. Baadhi yao walisema wamesikia sauti ya mtoto ikiitikia kutoka majini, na mimi nikaacha kupita njia ile.

Nilimwendea Kapembwa nikamwambia, "Wewe ndiye umemfufua. Nenda ukamzike." Alikuwa amekonda, hata sauti yake imepotea. Nilimsindikiza hadi ufukweni.

Akamwambia Mable yote: dawati, penseli, msimamizi. Alisema kwa sauti ya chini, lakini hakuficha neno. Mable alimsikiliza mpaka mwisho bila kulia, akilinyoosha gauni kwa kiganja.

"Ba Mwalimu," akasema akimwonyesha vidole viwili, "uliahidi bintu bibili. Majibu ulileta, niliyaona."

Akamwekea gauni mikononi.

"Sasa mulete mutoto."