Kopo ya bunga ya Mama Odette

Jalousie, ule wivu, iko inanikula, bandugu. Muniache niseme!

Tangu bazungu bakate musaada, association yetu ya kulisha bayatima hapa Manika imefunga mulango.

Lakini association ya Mama Odette kule Dilala? Bayatima banakula bukari, ugali ya bunga, kila siku!

Leo nikapanda taxi-moto, nikaenda kuchungulia siri yake.

Kumbe kila mama mwenye kuingia mu mukutano anamwanga kopo moja ya bunga mu ndoo. Njo ile tu.

Nikamuuliza Mama Odette, roho inaniuma: "Mama, nani alikupatiaka hii mawazo?"

"Ni weye, mama. Ulisemaka wakati tulikuwa association moja. Kisha ukatuambia tungoje kwanza bazungu."

Mwenye alishaka kusikia wivu juu ya mawazo yake mwenyewe, anyooshe mukono.