Wimbo wa Kisima Hauimbwi Bure

Kinyaa kilinikuta jikoni, ndugu yangu, Jumamosi asubuhi, hapa Bordesley Green, ughaibuni kwa Waingereza, nikikoroga unga wa anjera, ile mikate yetu myembamba ya kuchachuka. Nje mvua ile ya hapa, isiyonyesha wala isiyokatika. Binti yangu akaingia na simu mkononi, uso umemng'aa. Yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata kile nisichotaka akielewe, ila mdomo wake hujibu Kiingereza zaidi.

"Mum, look! Me and the girls, tunaenda summer hii. It's your Marsabit!"

Nikafuta mikono, nikatazama. Kwanza moyo ulirukaruka, maana nililiona lile shimo kubwa la volkeno la mlima wa kwetu, ukungu umelala ndani yake vilevile. Kisha kamera ikageuka. Mahema meupe ukingoni, yana vitanda na mazulia. Wazungu kwa Waafrika wenzetu wa Nairobi wanashuka mteremko kwa baiskeli nene, wengine wamekunja miguu alfajiri, wamefumba macho, pembeni glasi za kitu cha kijani. Sauti ya mwanamke ikanong'ona: njoo upumue, usikie ukimya wa mlima wa jangwani. Ukimya gani? Mlima ule haukuwahi kunyamaza tangu uumbwe.

Wewe uliyekulia kwingine huenda unadhani jangwa ni joto tu. Mji wetu ulikaa juu kabisa mlimani, na chini yake, pande zote, nchi kavu ya mawe meusi. Asubuhi tuliamka tukitetemeka, sweta juu ya sweta, upepo unapiga mabati kama mdai. Nyanya yangu, mzaa mama, Mborana, alikuwa keshaamka. Alikaanga buni ndani ya samli mpaka zikapasuka, na harufu ile ndiyo iliyotutoa kitandani, si muadhini. Chai yetu ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yaliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Nimejaribu kuitengeneza hapa kwa maziwa ya dukani, Coventry Road yote nimezunguka. Inatoka maji ya kuoshea vyombo.

Na michezo tulikuwa nayo, usidhani watalii ndio walioileta. Tulikata madumu ya mafuta yaliyopasuka, tukakalia vipande vyake, tukateleza kwenye nyasi za lile shimo mpaka chini. Nguo zilirudi hazina makalio. Tulikwea kutafuta matunda ya mwitu, na tukiona kinyesi kibichi cha ndovu tulirudi mbio tukicheka kwa woga. Hakuna aliyetunong'onezea tupumue.

Lakini kilichokuwa kikubwa kuliko vyote ni visima, kule chini ya mlima. Vilikuwa virefu kwenda chini, na wanaume walisimama ndani yake kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo. Ili mikono isikosane, waliimba. Wa chini anaanza, wa juu anapokea, ndoo inapanda pamoja na sauti mpaka maji yanamwagwa kwenye hori la udongo. Ng'ombe waliujua wimbo ule. Waliusikia toka mbali, wakaacha majani, wakaja wenyewe, vumbi nyuma yao. Ndiyo maana sheria ilikuwa moja, na kila mtoto wa kwetu aliinyonya na maziwa: wimbo wa kisima hauimbwi bure. Waweza kuupiga mluzi? Hapana. Waweza kumbembelezea mtoto? Hapana. Ukiuimba, umeita. Ukiita, unyweshe.

Sasa, mwalimu wetu alitoka kusini, kwa jamii ya wakulima, mpole, viatu vyake alivipiga rangi hata siku za vumbi. Siku moja akatupeleka matembezi visimani, akitaka tujue mazingira yetu, kama alivyopenda kusema. Palikuwa hapana mtu, zamu ya kunywesha ilikuwa kesho yake. Akatuambia tuimbe wimbo wa pale tumfurahishe. Tukatazamana, hakuna aliyefungua mdomo. Akadhani tunaona haya. Basi akaanza mwenyewe, maana alikuwa ameusikia akaushika, na sauti yake, Mungu amrehemu, ilikuwa nzuri mno.

Wakaja. Kwanza wa jirani, kisha wa nyanya, kisha wa watu hata hatuwajui. Wakajipanga kwenye hori kavu, wanaramba udongo. Mwalimu akacheka, akasema wanyama hawa wana akili kweli. Nyanya akafika nyuma ya ng'ombe wake, fimbo mkononi, akihema. Hakumtukana. Alimwangalia viatu, kisha uso.

"Mwalimu, umewaita."

"Nilikuwa naimba tu, mama."

"Mtu ukimdanganya atakuja kukuuliza. Ng'ombe hawezi kuuliza. Atasimama tu. Vua viatu."

Akavua. Nyanya akatuma wanaume waitwe, na mwalimu akashushwa kisimani pamoja nao, suruali imekunjwa, akavuta ndoo mpaka ng'ombe wa mwisho akainua kichwa ameshiba. Mikono ilimtoka malengelenge, kesho yake chaki haikushikika. Tangu siku ile wazee walimpa kiti barazani, wakamwita mtu wetu.

Nyanya keshazikwa. Wanaume wale wengi walishuka mijini, na wengine tumetawanyika huku, tunafungua mfereji maji yanakuja hata hujayaita.

"Subiri, Mum, the best bit," binti akasema.

Sehemu tamu yenyewe ilikuwa visima. Vijana wamevaa shuka mpya zinazofanana, wamejipanga kwa ngazi, wanaimba. Wimbo ni ule ule, neno kwa neno. Na ndoo, ndugu yangu, zilikuwa tupu. Niliziona zikigeuka hewani, hazimwagi hata tone. Watalii wanachezesha mabega, wanapiga makofi. Nikakunja pua, nikaweka mwiko chini. Nilihisi kama nimeona mtu anaadhini ili auze karanga. Nikafungua mdomo nimwambie binti yangu haendi, si kwa pesa zake wala za mtu, haendi kushangilia uongo ule juu ya kaburi la nyanya yangu.

Lakini yeye alikuwa amesimamisha picha kwa kidole. Nyuma ya watalii, kwenye hori, ng'ombe mmoja mwekundu na ndama wake.

"Mama," akasema. Si Mum. "Ule ng'ombe anangoja nini?"

Ule ng'ombe. Sikumsahihisha.

"Maji," nikamwambia. "Wamemwita."

Nikamsimulia yote, ya mwalimu na viatu, anjera ikiungua. Hakucheka. Aliirudisha ile video mwanzo, akaitazama tena, safari hii amekunja pua kama mimi.

"So nisiende?"

Nikamwona nyanya, na fimbo yake, na lile neno alilomwambia mgeni aliyekosea badala ya kumfukuza.

"Nenda," nikasema. "Lakini wakianza kuimba, vua viatu."