Gambuti za Mama Kiplimo

Kepher alikuwa akiwapiga picha watu wa Kapsoit tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlaumu kwamba amemharibia sura. Alitoka kwao kando ya ziwa akiwa kijana, akaja kupima majani chai kwa kampuni. Mizani ikamchosha, akanunua kamera kuukuu na kufungua kibanda nyuma ya duka la mbolea. Mle ndani mlikuwa na pazia la maua, kioo, kitana, na koti moja la bluu. Koti hilo lilikuwa la kila mtu. Ukizunguka nyumba za pande hizo utaliona ukutani, limevaliwa na baba wa hapa, na mkwe wa pale, na marehemu wa kule bondeni, wala hakuna aliyeona ajabu. Kupigwa picha ni kama kwenda kanisani. Huendi ulivyoamka.

Sasa mwaka wa tisini na nane, marafiki wa kanisa walioko ng'ambo walimletea Mchungaji Hezekiah kamera ya namna nyingine. Haikula filamu, ilimeza diski. Walitaka kila mwezi watumiwe picha na maneno, wayaweke kwenye intaneti, katika ukurasa wa kanisa, dunia nzima isome. Mchungaji akamfuata Kepher.

"Mchungaji, mimi niliacha darasa la sita. Dunia nzima nitaiambia nini?"

"Iambie habari zetu tu. Chai, mvua, watu. Wewe si unajua watu?"

Kumkatalia mchungaji ni kazi. Kepher akawa anaandika kwa mkono, naye Phelix, mwenye duka la kompyuta mjini Kericho, anapiga taipu na kutuma. Lakini kamera yenyewe aliichukia tangu siku ya kwanza. Ile yake ya zamani ilikuwa na mlio, kla! Mtu anajua amepigwa, anashusha pumzi. Hii ilipiga kimya kama mwizi. Tena ukishapiga inakuonyesha, na usipopenda unafuta. Mtu mzima, mwenye jina na watoto, anapanguswa kama kamasi! Jambo hilo lilimtia kinyaa, akaapa hatamfuta mtu.

Kiapo hicho ndicho kilichomponza Rodah.

Rodah, au Mama Kiplimo, alikuwa na shamba la chai juu ya barabara na ng'ombe watatu wa gredi, wa maziwa mengi. Kijana wake Kiplimo alikuwa chuoni Amerika, mbio zilimpeleka. Kepher alimkuta akitoka kuchuna chai, gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira, zimejaa matope. Aliposikia ni picha, Rodah alizivua akaziweka nyuma ya kichaka. Pande hizo huingii sebuleni kwa mtu na matope, na kwake picha ilikuwa sebule ya wageni. Kepher hakumkataza, kwani picha zake siku zote ziliishia kiunoni. Akajaribu mwanga kwanza, akabonyeza kutoka mbali, mwili mzima, kisha akatoa lile koti la bluu kwenye mfuko wa kamera, akamvika, akampiga ile yenyewe, ya kiunoni. Zote mbili zikabaki kwenye diski. Chini akaandika: huyu ni Rodah, mkulima, ana ng'ombe watatu, kijana wake anasoma.

Baada ya wiki chache, simu ya duka la mbolea ikalia. Kiplimo alikuwa anamtaka mama yake. Rodah alisikiliza, akaweka simu chini, akaja moja kwa moja kibandani.

"Kepher! Wewe umekunywa maziwa kwangu miaka yote. Nimekukosea nini?"

"Mama Kiplimo, kuna nini?"

"Mtoto wangu analia! Wenzake wameniona kwa hiyo intaneti yako bila viatu. Sasa wanachanga pesa waninunulie!"

Wakapanda gari hadi Kericho kwa Phelix, hata salamu hawakupeana vizuri. Ukurasa ulifunguka polepole, kutoka juu kushuka chini. Kikaja kitambaa cha kichwa, uso, aproni. Miguu ikaja mwisho, mitupu, na hapo ikatulia.

"Wameandika nini hapo?" Rodah akauliza.

Phelix akakohoa. "Wanasema, mjane Rodah hana hata viatu. Unaweza kumsaidia leo."

"Mjane! Na mzee wangu saa hii anapanga foleni kituo cha majani chai!"

"Na maneno yangu yako wapi?" Kepher akauliza.

"Waliyakata, mzee. Walisema ni marefu."

Kepher akahisi kama mtu aliyemaliza kikombe cha maziwa akakuta nzi chini.

"Lete makasi," Rodah akasema. Kila mtu aliijua sheria ya Kepher: mteja akichukia picha yake, negativu inakatwa mbele ya macho yake.

"Yawa, Mama Kiplimo. Hapa hakuna cha kukata."

"Na hiyo diski?"

"Hata tukiichoma, wewe bado umesimama huko."

Rodah akageuka kutoka kwenye kompyuta. "Basi nipige nyingine. Na gambuti, na matope yake. Wanione."

Akampiga, akaandika: gambuti ni zake, alizinunua kwa bonasi ya chai mwaka juzi, siku ile alizivua kwa heshima. Mumewe yu hai. Iondoeni ile ya kwanza. Phelix akatuma vilevile, neno kwa neno.

Mwezi uliofuata Kepher alirudi kwa Phelix peke yake. Ile ya kwanza haikuondolewa. Zilikuwa mbili sasa, bega kwa bega. Moja imeandikwa Zamani, nyingine Sasa. Phelix akamsomea kwa sauti ya chini: asanteni kwa michango yenu, mjane Rodah sasa ana viatu. Akataka kucheka, akamwangalia mzee, akaacha.

Kepher alitoka nje akatema mate. Njia nzima aliwaza amfiche Rodah habari hiyo. Lakini kumficha nako kulikuwa kumwibia mara ya pili. Akamwambia yote palepale langoni kwake.

Rodah aliziangalia gambuti zake. Moja ilikuwa na kiraka cha tyubu ya baiskeli.

"Hizi?"

"Hizo."

Akateremka hadi ofisi ya kanisa, Kepher nyuma na mfuko wa kamera. Mchungaji alikuwa akinywa chai na wazee wawili. Rodah akavua gambuti moja, akavua ya pili, akazisimamisha mezani juu ya karatasi zake, matope na yote.

"Mchungaji, hizi viatu ni za watu. Warudishie."

"Mama Kiplimo, keti kwanza tuongee..."

"Ongea na wao. Wewe ndiye unawajua."

Kepher akaiweka kamera kando ya gambuti ya kushoto. "Na hii pia," akasema.

Rodah alikuwa ameshatoka. Maramu, ile changarawe ya barabarani, ilikuwa kali kwa nyayo, lakini alienda wima. Akina mama waliotoka kupeleka majani, vikapu vitupu mgongoni, wakamshangaa.

"Mama Kiplimo! Gambuti imeenda wapi?"

"Ng'ambo," akajibu, wala hakupunguza mwendo.