Jarida Lililopitia Mokambo

Mama wa bibi harusi aliweka albamu mezani kwangu, akafungua ukurasa wa kwanza, akaigeuza inielekee.

"Weye mwenyewe angalia," akasema. "Minaona nguo tu. Mutoto yangu iko wapi?"

Niliangalia. Gauni lilikuwa jeupe, kila ua la lesi limetokeza. Juu yake, mahali pa uso, palikuwa na kivuli chenye meno. Yule mama wa mtaa wa Golf hakupandisha sauti wala kudai chochote. Aliiacha albamu pale pale, akaondoka, na hilo ndilo lililoniuma.

Studio yangu ni chumba kimoja Kamalondo, jirani na mafundi cherehani. Kazi nilijifunza kwa kutazama wengine. Kamera ilijipimia mwanga yenyewe, mimi nikabonyeza. Siku ile niliamua kujifunza upya, hata kama ni peke yangu.

Mteja mmoja, mwalimu, aliwahi kuniachia nakala kuukuu ya jarida la upigaji picha, la Kifaransa. Nyuma yake kulikuwa na fomu ya abonema: nakala moja kila mwezi, mwaka mzima. Shida ilikuwa anwani, maana posta yetu si ya kutegemea. Shangazi yangu anauza vitenge Mokambo, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, ana rafiki mwenye sanduku la posta. Nikamwomba anipokelee.

"Kitabu ya kuangalia mafoto?" shangazi akauliza. "Mu telefone hakuna mafoto?"

"Iko, tantine. Lakini mu telefone minaangalia, minapita. Hii itakuya kila mwezi, na miye nitasoma yote."

Nakala ya kwanza ilinivunja moyo: milima ya theluji na ndege wa baharini. Niliisoma hivyo hivyo, kamusi mkononi, maneno magumu nikiyaandika ukutani kwa chaki. Ya pili na ya tatu zilifika pamoja, zimefungwa ndani ya kitenge. Katika ile ya tatu nikaona kwamba waliojiandikisha wanaweza kutuma maswali. Nikaandika langu: nampigaje picha mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe?

Jibu lilitoka miezi minne baadaye, nusu ukurasa. Kumbe weupe wa nguo ndio uliokuwa unaidanganya kamera ipunguze mwanga. Nilitakiwa kupima mwanga usoni, si kwenye gauni. Kumkalisha mtu karibu na mlango ulio wazi, na upande wake wa giza kusimamisha shuka jeupe lirudishe mwanga.

Wa kwanza kukaa mlangoni alikuwa mama yangu mzazi, mjane wa mfanyakazi wa reli. Miaka yote alikwepa kamera kwa sababu, alisema, ilimgeuza makaa. Nilimbembeleza wiki nzima. Siku ya kwanza picha zilikuwa mbaya. Siku ya pili nilizidisha mwanga, uso ukawa wa majivu.

"Bado kidogo, mama," nikasema.

"Hiyo kidogo yako ni ya tangu jana," akajibu, lakini hakuinuka.

Siku ya tatu, asubuhi, nikaipata. Mama aliishika ile picha, akaipitishia kidole.

"Huyu njo miye mwenyewe," akasema. "Hata kovu ya mafuta ya moto inaonekana."

Niliipeleka Golf. Mama wa bibi harusi aliitazama, akaenda kumwita binti yake. Binti akalivaa tena gauni, tukafanya kazi barazani kwao hadi adhuhuri. Nilipowapelekea albamu mpya, yule mama alimwonyesha binti yake picha. Akamwambia: "Huyu njo ule nilizala."

Mwaka ulipoisha nilijaza fomu tena, na huu ni wa tano. Wapigapicha wenzangu wawili huja Jumamosi, nawasomea kwa Kiswahili chetu, tunabishana, tunatoka kwenda kujaribu. Mmoja wao alituma picha ya wanawake wa sokoni kwenye kurasa za wasomaji. Haikuchapishwa. Akatuma nyingine, nayo haikuchapishwa.

"Tuache?" nikamuuliza.

Alikuwa tayari anafuta lenzi kwa shati lake. "Tutatuma mupaka bale ba jarida batachoka," akasema, na tukatoka.