Perth Niliyoiandika Nikiwa Grand Prairie

Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, huwa naangalia kama Perth kunanyesha. Programu ya hali ya hewa kwenye simu yangu ina miji miwili, na huu ninaokaa, Grand Prairie, uko chini, mpaka uusogeze kwa kidole ndipo uonekane. Wa kwanza ni Perth. Niliondoka kule miaka mitatu iliyopita na sijawahi kuushusha. Nikiona kule kumepoa, navaa fulana ya kazini huku nasikia baridi ya mawazoni, halafu nafungua mlango na joto la Texas linanipokea kifuani. Hata hilo, nikishaingia kwenye gari na kuwasha kipoza hewa, nalisahau.

Mimi ni mtu wa blogu. Naandika kwa Kiswahili kuhusu simu, vifaa, upuuzi wa mitandaoni na maisha ya Australia. Nilianza nikiwa mwanafunzi wa uuguzi Perth, nilipokuwa na muda mwingi wa kushangaa. Niliandika kuhusu watu wanaoingia supamaketi miguu mitupu na hakuna anayewatazama. Niliandika kuhusu kamba za kuanikia nguo zinazozunguka na upepo uani, na soseji iliyokunjwa ndani ya slesi moja ya mkate, inayouzwa Jumamosi nje ya duka la vifaa vya ujenzi. Niliandika kuhusu wale ndege weusi kwa weupe ambao wakiwa na makinda hawamsazi mpita njia, hata watu wazima na heshima zao wanaendesha baiskeli na kofia zilizochomekwa nyaya za kuwafukuza. Watu wa Tanga, Nairobi na Muscat walinisoma na kuniachia maoni ya kucheka.

Halafu masomo yakanishinda, viza ikakaribia kuisha, na bahati nasibu ya makazi ya Marekani, ambayo niliijaza kwa mzaha, ikaniangukia. Nikahama. Siku niliyopaswa kuwaambia wasomaji nilikuwa nimechoka, nikaandika kuhusu upepo wa baharini unaoingia Perth alasiri na kupoza mji mzima. Wakaupenda. Wiki iliyofuata nikaandika jingine. Sikukaa chini nikapanga kumdanganya mtu. Niliahirisha tu kusema, na kuahirisha kukaninogea.

Haikuwa kazi ngumu. Kwenye ramani za mtandaoni unaweza kushuka barabarani na kutembea kwa kidole, nami nilitembea sana. Mtaa wangu wa zamani, kwenye picha za kule, ni saa nne asubuhi siku zote. Kuna mzee mmoja anasukuma pipa la taka kuelekea barabarani, na kwa miaka mitatu hajalifikisha. Nilikuwa nampitia nikitoka kazini, najua upuuzi, lakini nilikuwa namsalimia. Kuna pia kamera moja ya mubashara inayoonyesha ufukwe. Hapa jua likiwa linaelekea kuzama, kule ndiyo kunapambazuka, watu wanatembeza mbwa, na mimi niko kwenye maegesho ya apatimenti zetu ndani ya gari lililozimwa, natazama maji. Ungenigongea kioo wakati ule ningekuuliza unataka nini huku Australia.

Kazi yenyewe pia ilinisaidia kuelea. Niko kwenye ghala la bidhaa zinazorudishwa na wateja. Vifaa vinakuja na karatasi ya sababu, nami navikagua, navipiga skana, navipanga. Saa ya mkononi imerudishwa kwa sababu "inaniambia nisimame nikiwa nimekaa." Roboti ya kufagia imerudishwa kwa sababu "mbwa amehuzunika." Spika inayojibu maswali imerudishwa na mtu aliyeandika neno moja tu, "Inasikiliza." Hizo zote nilizipeleka kwenye blogu, nikasema ghala liko Perth. Nani angejua? Kifaa kilichomchosha mwenyewe hakina nchi.

Na kila makala niliimaliza kwa maneno yale yale, karibuni Perth, chai ipo.

Sisi tunakaribisha bila kufikiri. Mtu anapita umeshika kijiko, unamwambia karibu, naye anakujibu ahsante, nimeshiba, hata kama tumbo linamuuma kwa njaa. Wote wawili mnajua mlichofanya na hakuna aliyeumia. Basi mwaka huu, mwezi wa sita, mtu mmoja hakujibu ahsante.

"Dada, mie nshafika," aliniandikia. "Umesema karibu, basi nimekuja. Hiyo chai tutainywa siku gani?"

Alikuwa mwanamke wa Unguja, mgeni kabisa, wiki tatu tu Perth. Mumewe alipata kazi mgodini, anaruka na ndege kwenda huko jangwani wiki mbili, anarudi wiki moja. Yeye ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Kwenye zile wiki mbili, aliandika, mtu pekee anayesema naye ni mashine ya kulipia dukani, ile inayokwambia weka bidhaa kwenye mfuko. Alikuwa anaogopa uchungu umshike mume yuko mgodini, na hakuna hata mtu mmoja wa kumpigia.

Nilisoma ujumbe ule nimesimama jikoni, sufuria mkononi. Nikahisi vibaya, tena vibaya kwa kweli. Halafu nikafanya ninachokijua, nikaahirisha. Nikamwandikia hongera, nikamwandikia pole, nikamwambia niko safarini kidogo, nikirudi nitamtafuta.

"Haya dada, nakusubiri," akajibu. "Jumamosi saa mbili asubuhi ntakuwa pale sokoni mbele ya maktaba, ulipopaandika. Nakuja na vitumbua. Hata ukichelewa mie nipo."

Wiki ile nilikwenda Houston kwa kaka yangu, mwendo wa saa nne kwa gari. Huko tunaonana mara mbili kwa mwaka kama watu wanaodaiana salamu. Yeye ni fundi wa maabara hospitalini, ana watoto wawili wanaomjibu Kiingereza hata akiwauliza kwa Kiswahili, na hana subira na mambo yangu. Nilimweleza tukiwa tunamenya viazi. Alicheka kwanza, akadhani ni kichekesho cha mtandaoni. Alipoona sicheki akaweka kisu.

"Mtu ana mimba ya miezi minane," akasema, "na wewe unamwandikia stori za ndege. Ume-overdo, dada."

"Najua."

"Sasa, Perth nzima humjui mtu? Si ulikaa kule miaka minne?"

Nilikuwa namjua mtu. Nilikuwa namjua mama mmoja wa Kikongo, mjane kutoka Uvira, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Nilipofeli mara ya kwanza alinipikia maharage na sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, siku tatu mfululizo bila kuuliza kitu. Nilipofeli mara ya pili sikumwambia. Niliondoka Jumapili akiwa kanisani, kwa sababu nisingeweza kumtazama usoni, na tangu siku ile sijampigia. Nikamweleza kaka hayo, akanisukumia bakuli la viazi. Hakunishauri kitu kingine.

Ijumaa ikafika, maana Jumamosi yao inaanza mimi bado niko Ijumaa. Saa kumi na mbili na nusu jioni nilikuwa kwenye maegesho ndani ya gari, jua bado kali, wale ndege weusi wa huku wamejazana kwenye nyaya za umeme wanapiga kelele za milango isiyotiwa mafuta. Hao sijawahi kuwaandika hata mstari. Nikampigia mama wa Uvira. Nikaushikilia usukani. Simu ilipolia mara ya pili akapokea.

"Shikamoo mama. Ni mimi, yule wa jirani."

"Sauti ninajua," akasema. "Uko wapi sasa?"

"Marekani mama. Niliondoka."

"Kuondoka ninajua pia. Miye nilikuta mulango umefungwa." Nikasikia anavuta kiti. "Ninasomaga mambo yako. Kila juma. Ule muti wa ndege uliandika mwezi uliopita, walishaukata. Nikasema, huyu mutoto haiko hapa, lakini roho yake inazunguka tu huku. Nikakuacha."

Miaka mitatu. Nilikuwa nadhani nimejificha vizuri. Nililia, sitasema uongo, nililia kwa sauti na madirisha yamefungwa, naye akasubiri. Halafu nikamweleza habari za mwanamke wa Unguja, mimba, mume mgodini, vitumbua, maktaba.

"Bon, sawa," akasema. "Amevaa nini?"

"Sijui mama."

"Mama mwenye mimba na vitumbua. Nitamuona." Nikasikia funguo zinalia, na simu ikakatika.

Saa moja kamili nikampigia yule dada wa Unguja mwenyewe, kwa video, kwa sababu nilijua kwa sauti tupu ningepata pa kutorokea. Alipokea haraka. Uso mdogo wa mviringo ndani ya mtandio wa kijani, pumzi inatoka moshi kwa baridi, nyuma yake meza za mboga. Alikuwa ametabasamu tayari.

"Dada, uko upande gani? Mie nipo hapa kwenye benchi, nawatazama watu wote usoni."

"Siko hapo," nikamwambia. "Siko Perth. Niko Marekani, Texas. Nilihama miaka mitatu iliyopita na sikumwambia mtu. Zile habari zote nilikuwa naziandika nikiwa huku. Nisamehe."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, likisubiri nicheke. Kisha akatazama pembeni, akavuta mtandio.

"Nyumba yetu tumeipanga huku kwa sababu yako," akasema polepole. "Mume wangu alitaka kule karibu na uwanja wa ndege. Mie nikamwambia hapana, kule kuna dada, anaandika kila wiki, ana roho nzuri. Nimembishia mpaka akakubali."

Nilisema nisamehe tena, likawa jepesi kuliko la kwanza. Nikamwambia kuna mama anakuja, mtu wa kweli, anakaa mtaa wa pili, asiondoke tafadhali. Akasema, "Wa kweli kama wewe?" na nilistahili. Lakini hakukata simu. Aliiweka mapajani, nikabaki natazama anga la Perth, la kijivu, mawingu yanakwenda taratibu, anga ambalo kwa miaka mitatu nililitafuta kwenye kila kamera. Sikulifurahia hata kidogo.

Kisha nikasikia sauti ya mama wa Uvira inauliza hivyo vitumbua vimetiwa hiliki ama vipi. Nikasikia salamu, za Unguja na za Uvira, zikipishana na kuanza upya. Mama akauliza hospitali ni ipi, akauliza mutoto anapiga mateke usiku ama muchana, akasema yeye halali sana siku hizi, apigiwe saa yoyote. Nikasikia karatasi inachanwa, namba inaandikwa. Yule dada wa Unguja akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, nikajua analia naye, na mama anamwambia kula kwanza, kula.

Nilitaka kukata kimyakimya. Kidole kilikuwa tayari. Ndipo akainyanyua simu, uso wake ukarudi, macho mekundu, makombo ya kitumbua mdomoni.

"Na wewe," akasema, "huko uliko una nani?"

"Nina kaka yangu. Yuko Houston."

"Ni karibu?"

"Saa nne kwa gari."

"Nauliza hapo ulipo. Ukiumwa sasa hivi, nani anakuja?"

Niligeuka nikaitazama apatimenti yetu. Ghorofa tatu, milango inayotazamana na ngazi, viatu vya watoto nje ya mmoja, baiskeli nje ya mwingine, mahali fulani mtu anakaanga vitunguu. Nilijaribu kwa dhati kumpata mmoja, hata wa kumjua kwa sura. Yeye alikuwa anasubiri, na mama alikuwa amesogea nyuma ya bega lake anasubiri pia.

"Sina," nikamwambia.

Hakunicheka, na hasira yake nayo sikuiona tena. Alinitazama tu, ametulia, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Mie nilidhani mgeni ni mie," akasema.