Mashine ya Sikio la Dada

Dada yangu mkubwa husomesha Kurani wasichana wadogo nyumbani kwetu Siyu. Alipoanza kupoteza usikivu, herufi zilizotangulia kumponyoka ni zile zenye mlio wa juu: sini, swadi na thaa zikawa sauti moja kwake. Nikamnunulia mashine ya sikio. Haikumaliza msimu. Ya pili nayo ikafa. Hewa ya kwetu ina chumvi. Hula bawaba za milango, hula redio, sembuse kidude kinacholingana na punje ya kunde.

Mimi nafundisha uhandisi chuo kikuu Nairobi, na utafiti wangu ni wa teknolojia ya nano: kuvika saketi za elektroniki utando ambao, ukiulinganisha na unywele, unywele ni kamba ya nanga. Maabarani tuna sanduku la kupulizia ukungu wa chumvi. Saketi tulizozivika zilitoka humo zingali hai. Lakini sanduku si Siyu. Nikaivika mashine ya tatu, nikaipeleka mwenyewe.

Boti ya kwenda Pate, kisiwa chetu, ilisubiri maji yajae, nami sikuweza kutulia. Kila mara nilifungua mkoba kuhakikisha kwamba imo.

Siku za mwanzo nilimfuata dada kila alipokwenda. Akiwa jikoni, nilitamka neno kwa sauti ya chini nikiwa ukumbini, nione kama atageuka. Aligeuka. Nikasogea mbali zaidi, nikanong'ona.

"Umekuya kunitazama mimi au kidude?" akauliza, huku akikuna nazi.

"Nyote wawili."

"Basi kaa kitako. Wanitia wasiwasi."

Sikukaa. Jirani alikwishaniambia jambo ambalo dada alinificha: baadhi ya wazazi walikuwa wamewahamishia binti zao kwa mwalimu mwingine.

Asubuhi moja nikaketi nyuma ya wanafunzi wake. Msichana akasoma, dada akamkatiza. "Swadi hiyo, si sini. Rudia." Nilitaka kucheka kwa furaha. Muda si muda nikamwona anagusa sikio juu ya mtandio. Akainama, akaanza kuitazama midomo ya msomaji. Kosa likapita, hakulikamata. La pili likapita. Wasichana wakatazamana.

Walipokwenda zao, aliivua mashine akanipa. Niliifungua, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Utando ulikuwa mzima, saketi safi. Kutu ya kijani ilikuwa kwenye vibati viwili vinavyogusana na betri. Hapo sikupavika, kwa sababu utando wangu huzuia umeme, na betri isipogusa chuma kitupu mashine haiwaki. Kule sandukuni tulizipa saketi umeme kwa waya. Betri hatukuitia hata siku moja.

Nikavisugua vibati, mashine ikawaka. Nikamwambia nitarudi nayo Nairobi.

"Na kesho nisomeshe na nini?"

"Itakufia tena mbele ya watoto, dada."

"Ikifa nitaisugua, kama ulivyoisugua wewe. Shika ndia yako, ndugu yangu. Mashine haiendi."

Nilimwonyesha namna ya kuvipangusa vibati kwa kitambaa kikavu, na jinsi ya kuitoa betri anapolala, kisha nikaondoka.

Sasa natafuta utando mwingine, wa kuvika vibati vyenyewe, unaopitisha umeme na kuzuia chumvi. Mpaka leo kila nilioutengeneza umepitisha vyote viwili. Wanafunzi wangu wanasema subira. Wao hawajaona wasichana wale wakitazamana.

Jana nilimpigia dada kabla hajamaliza kusomesha. Nyuma yake nilisikia sauti za watoto.

"Yafanya kazi?"

"Yafanya. Leo wamerudi wawili. Sasa niwate nisomeshe."

Akakata. Nikapiga tena, ikaita mara moja, nikaona haya, nikakata mimi.