Hakuna Sangara Bila Mtoto

Saa mbili asubuhi, jua limeanza kuchoma mabati ya ghala la zamani la chama cha ushirika kijijini Busweluka, kando ya Ziwa Victoria. Paskazia Machibya (43), mhudumu wa afya, anamtoa mtoto kwenye kaptula ya mizani, anaandika kilo zake kwenye kadi, kisha anaita, "Anayefuata!"

Anayefuata ni mama mwenye mtoto mgongoni na sangara mkononi.

"Kati yenu watatu, nani ana homa?" Paskazia anauliza bila kuinua macho.

"Mtoto, nesi."

"Basi mtoto kwanza. Samaki akae kwenye foleni yake."

Foleni ya samaki ipo kweli, nyuma ya ghala, na ina ndoano yake na gunia lake. Paskazia haruhusu samaki kugusa kaptula ya watoto.

Kila mwezi anaendesha baiskeli kilomita 14 kutoka zahanati, sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma, kuja kupima na kuchanja watoto wa hapa. Januari mwaka huu wa 1998 alipata watoto 61. Aprili walikuja 14.

Chanzo kilikuwa mizani. Kule mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki, wakala wa ununuzi, Josephat, ana mizani ya kuning'iniza yenye uso kama wa saa, na wauzaji wanaapa kwamba inakula kilo. Mizani ya Paskazia inafanana na ile kama pacha. Mama mmoja alipoambiwa mwanawe ana kilo saba, alikuja juu.

"Mtoto ametoka nyumbani na kilo tisa! Mbili umezipeleka wapi?"

"Nilimwambia anipekue," anasema Paskazia. "Akanipekua!"

Habari zikaenea kwamba mizani ya serikali nayo inaiba. Akina mama wakabaki nyumbani.

Wakati huohuo halmashauri ya wilaya, iliyoanza kupewa madaraka ya kupanga huduma zake, ilitoa utaratibu mpya. Kila kijiji kichague kamati ya afya. Kijiji kisichofikisha watoto 40 hadi Juni, kliniki yake ihamishwe, na kamati yenyewe itie saini.

"Zamani tulimlaumu mtu wa wizarani tusiyemjua hata sura," anasema mwenyekiti wa kamati, Mzee Mihayo. "Sasa wa kulaumiwa ni mimi, na nyumbani kwangu wanapajua."

Kwa Paskazia halikuwa jambo la utani. Mwaka juzi surua iliua watoto watano Busweluka, mmoja wao mtoto wa mdogo wake. Kadi ya mtoto huyo anayo sandukuni. Nafasi ya chanjo ya surua haina kitu.

"Kliniki ikihama, mama atatembea siku nzima na mtoto mgongoni," anasema. "Wengi hawatakwenda. Nawajua."

Mei, Mzee Mihayo aliitisha mkutano na kuamua kwamba mizani ishtakiwe hadharani. Mwalimu wa shule alieleza kwamba lita moja ya maji ina kilo moja. Likajazwa dumu la lita tano. Mizani ya kliniki ikasema kilo tano na kidogo, kidogo hicho kikiwa ni dumu lenyewe. Umati ukalibeba dumu hadi mwaloni. Mizani ya Josephat ikasema kilo nne.

"Maji ya upande huu ni mepesi," Josephat alijitetea.

Alizomewa mpaka akaingia ziwani na viatu.

Kliniki iliyofuata, watu walifurika, lakini walibeba sangara. Kila mmoja alitaka kujua kilo za kweli kabla ya kwenda kuuza. Paskazia alisimama mlangoni akatangaza sheria yake: hakuna sangara bila mtoto, na hakuna mtoto bila kadi.

Mzee Ngosha, ambaye watoto wake wana ndevu, aliazima mjukuu wa jirani. Jirani wa pili naye akamwazima huyohuyo.

"Nilimpima mara tatu siku moja," anasema Paskazia. "Mara ya tatu alinyoosha mkono mwenyewe, akidhani ni sindano. Nikawaambia, jamani, huyu ameshachanjwa, leteni mwingine!"

Wakaleta wengine. Juni, ofisa wa halmashauri, Bwana Ishengoma, alifika na fomu ya kuhamisha kliniki. Alikuta watoto 73 na sangara tisa.

"Mama, hii ni kliniki au mnada?"

"Hesabu watoto, bwana. Samaki nitakuhesabia mimi."

Ishengoma alihesabu mara mbili. Kisha akamgeukia Mzee Mihayo, kwa kuwa mwenye uamuzi ni kamati. Mzee aliomba fomu isomwe yote kwa sauti, akaomba irudiwe, kisha akakataa kutia saini. Akina mama walipiga vigelegele. Kliniki ikabaki.

Sasa kamati imeandika kwenye mpango wa mwakani ombi la friji la mafuta ya taa, ili chanjo zikae hapahapa kijijini na mtoto asisubiri baiskeli ya Paskazia. Ghala linapakwa chokaa, na chumba cha friji kimeshatengwa.

Paskazia anatamani lifike kabla ya msimu wa surua. Ila ameshanunua kufuli.

"Chanjo zitakaa vizuri," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka. "Lakini ufunguo nitauvaa shingoni. Hawa watu wakiona baridi tu, watanijazia sangara."